Litoeni hilo blanketi dirishani

Juzi usiku nimetumiwa picha na kikundi cha kina mama wa huku Rombo. Uyoga una mashina marefu kama mirija ya soda, kofia ndogo kama vifungo vya shati. "Bwana shamba, mbegu ulizotuletea ni mbovu." Nikauliza kama dirisha liko wazi. "Tumeliziba na blanketi. Si uyoga unataka giza?"

Ni mara ya ngapi sasa, nimeacha kuhesabu. Mbegu hazina kosa.

Uyoga huu wa mamama, tunaoulima kwenye mifuko ya mabua, una hatua mbili, na giza ni la hatua ya kwanza tu. Mabua yakishachemshwa kwenye pipa, yakapoa, ukapanda mbegu na kufunga mifuko, unaiweka chumba cha giza wiki 3 hivi mpaka utando mweupe wa nyuzi za uyoga uenee mfuko mzima. Hata hilo giza, niseme ukweli, nina mashaka nalo: nimewahi kuacha mifuko sebuleni kwangu, penye mwanga, na utando ukatambaa vilevile. Nalifundisha kwa sababu mwanga ukiwahi, uyoga hujaribu kuchomoza kabla mfuko haujawa tayari.

Utando ukishaenea na mifuko ukaitoboa, mambo yanageuka. Sasa unataka mwanga, na unataka hewa. Siyo jua la kuupiga. Mwanga wa kivulini, wa kukutosha kusoma gazeti ukiwa ndani ya banda. Hewa ndiyo inayosahauliwa. Utando unapumua kama sisi, unatoa kaboni dayoksaidi. Ukiziba kila upenyo, hewa hiyo hujaa, uyoga unarefusha shina na kofia haikunjuki. Na mteja sokoni ananunua kofia, hanunui kamba. Kwenye picha ile, kosa lilikuwa giza au hewa? Siwezi kuapa, blanketi moja liliziba vyote viwili. Mimi nailaumu hewa zaidi.

Imani yenyewe nadhani najua ilikotoka. Ule uyoga mweupe wa duara, wa kwenye makopo, hauhitaji mwanga. Wafaransa waliulima kwenye machimbo ya mawe chini ya jiji la Paris. Mtu akasoma habari za ule, akaja kuzifundisha kwa huu, na semina zikarithishana. Bibi zetu wakienda kuokota uyoga wa kichuguu mvua zikinyesha, kwani huwa wanaingia pangoni?

Najua hofu nyingine ni banda kukauka. Basi mwagieni maji sakafu na kuta mara 2 au 3 kwa siku, na dirishani wekeni wavu wa kuzuia inzi.

Hao wa Rombo nimewaambia wavune wote, mashina wayakate vipande vyembamba, wayapike na karanga wale na watoto. Mifuko ileile itatoa tena baada ya wiki moja au mbili. Blanketi likafuliwe.