Aba si "dadi", na mwana si mtoto wa kulea

Mhubiri akifika Warumi 8:15, pale mtume Paulo anaposema tumepokea roho ya kufanywa wana na kwa hiyo twalia "Aba", siku hizi najua kitakachofuata. "Aba, wapendwa, kwa lugha ya Yesu ni dadi." Yaani daddy, neno la Kiingereza la mtoto kumwita baba yake. Watu wanacheka kidogo, wanasema amina, na kuanzia hapo mahubiri yote yanakuwa ya kudeka: Mungu ni dadi, sisi vitoto vyake, katuokota, anatulea, tumdekee tu. Nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwenye redio, na juzi nimetumiwa na sauti ya WhatsApp yenye maneno hayo hayo na kinanda chini yake. Sasa imetosha.

Maana yenyewe ni fupi. Kufanywa wana ni fundisho la Wakristo kwamba mtu ambaye kwa asili si mwana wa Mungu, akimwamini Kristo, Mungu humpa nafasi ya mwana nyumbani mwake: jina, haki ya kumwita Baba, na fungu la urithi. Kiswahili cha mahakamani kingesema ameasiliwa. Aba ni neno la Kiaramu lenye maana ya baba, na Paulo anasema mtu huyo hulipaza kwa nguvu. ("Twalia, Aba", imeandikwa, lakini kulia huko si kutoa machozi, ni kupaza sauti.) Basi, hakuna zaidi. Tabu iko kwenye yanayochomekwa humo.

Tuanze na dadi, maana ndiyo nyepesi. Aba limo mara tatu tu katika Agano Jipya: Marko 14:36, Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6. Mara zote tatu linafuatwa papo hapo na tafsiri yake ya Kigiriki, na tafsiri hiyo ni neno la kawaida la baba. Kigiriki kilikuwa na neno la kitoto, pappas, na si Marko wala Paulo aliyeligusa. Habari za dadi zilipata nguvu katika karne ya 20 kutokana na kazi ya Joachim Jeremias, mtaalamu wa Kijerumani, aliyedai kwamba Aba lilianzia vinywani mwa watoto wachanga. Yeye mwenyewe baadaye alionya watu wasije wakadhani Yesu alikuwa akiongea kitoto na Mungu. Mwaka 1988 James Barr, mtaalamu wa Biblia, akaandika makala nzima kuonyesha kwamba watu wazima walilitumia neno hilo kama kawaida. Onyo lilibaki vitabuni. Dadi ikapanda ndege ikatufikia.

Na sisi wala hatukuwa na haja nayo. Mzee wa miaka sitini akienda kumtazama baba yake mgonjwa anasema, "Shikamoo baba." Ni neno lile lile alilolitamka kabla hajaota meno. Mapenzi yamo na adabu imo, na hakuna aliyemwambia achague kimoja. Ukileta dadi unaondoa nusu ya neno. Halafu tazama mahali Yesu alipolisema: Gethsemane, usiku wa kukamatwa. "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Huyo ni mwana mtu mzima anayekubali jambo zito analoamriwa na baba yake. Utamwambia nani kuwa hapo ni kudeka?

Lakini dadi ningeivumilia. Kinachonikera hasa ni hili la kulea.

Mhubiri akitaka kutufafanulia kufanywa wana, mfano wa kwanza unaomjia ni mtoto wa kulea. Fulani kafiwa na dada yake, kamchukua mtoto, kamlisha, kamsomesha, leo huwezi kumtofautisha na aliowazaa. Hapa Unguja na Pemba mfano huo unapita bila kuulizwa, kwa sababu nyumba isiyo na mtoto wa ndugu au wa jirani ni ya kutafuta. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na ni kweli. Ila jambo ambalo Paulo analisema haliko kwenye kulea. Liko kwenye kile ambacho mtoto wa kulea, kwa visiwa hivi, hakipati.

Muulize yeyote aliyekulia hapa. Mtoto wa kulea analala chumba kimoja na wenziwe, anakula sinia moja, anaitwa mwanangu mchana kutwa. Siku mlezi akifa na mirathi ikafikishwa kwa kadhi, jina lake halimo kati ya warithi. Anaweza kuwa ameandikiwa wasia, usiozidi thuluthi ya mali, au alipewa hiba, yaani zawadi, mlezi angali hai. Lakini kurithi kama mwana, hapana. Wala haitwi bin mlezi. Surat al-Ahzab, aya ya 5, iko wazi: waiteni kwa baba zao. Zayd bin Haritha, ambaye Mtume alimwacha huru na kumfanya mwana, aliitwa Zayd bin Muhammad kabla ya aya hiyo. Baada yake akarudi kuwa bin Haritha.

Simkosoi jirani yangu Mwislamu hapa. Sheria yake ina hoja yake, nayo ni kwamba nasaba ya mtoto isifutwe, ajue katoka kwa nani. Na malezi ya yatima katika Uislamu yana fadhila ambayo sisi Wakristo tungepaswa kuionea wivu. Ninachosema ni kwamba mhubiri anayesimama Zanzibar na kusema kufanywa wana ni sawa na kulelewa, bila kujua, amewaambia wasikilizaji wake kwamba wanapendwa sana na hawarithi kitu. Wakati Paulo anasema kinyume chake hasa: "na kama tu watoto, basi, tu warithi, warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo."

Kwa sababu Paulo alikuwa na sheria nyingine kichwani. Kweli, Israeli waliitwa mwana tangu Kutoka 4:22, na Paulo analikumbuka hilo katika Warumi 9:4. Lakini Torati haina kanuni ya kumfanya mtoto wa mtu mwingine kuwa wako. Roma walikuwa nayo, na waliitumia kwa jambo moja zaidi ya yote: kupata mrithi. Mara nyingi aliyefanywa mwana hakuwa mtoto mdogo wa kubebwa. Kaisari Augusto alimfanya Tiberio mwanawe mwaka wa 4 baada ya Kristo, na Tiberio alikuwa mtu mzima aliyepita miaka arobaini, jemadari aliyezoea vita. Hakuwa na haja ya kulelewa na mtu. Alihitajiwa kushika kiti.

Tena taratibu yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Baba mzazi alimuuza mwanawe kwa mauzo ya kuigiza, mara tatu, kwa mizani na kipande cha shaba, mbele ya mashahidi watano na mshika mizani, mpaka mamlaka yake juu ya mtoto yakaisha. Ndipo baba mpya alipomdai mbele ya hakimu kuwa ni wake. Tangu hapo nyumba ya zamani haikuwa na neno juu yake. Ukisoma Warumi 8:16, "Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho zetu, ya kuwa sisi tu watoto wa Mungu," Mrumi wa wakati ule hakukosa kusikia harufu ya mahakama. Na barua yenyewe iliandikwa yapata mwaka 57, aliyeketi Roma akiwa Nero. Nero huyo alifanywa mwana na Kaisari Klaudio mwaka 50, ilhali Klaudio alikuwa na wa kumzaa, Britannicus. Wa kufanywa ndiye aliyerithi dola. Mtu aliyeisikia barua ya Paulo ikisomwa katika mji huo hakuhitaji mfano kutoka kwa mhubiri.

Sisi nasi tuna wa kwetu, na ndiyo maana naona uvivu kukimbilia dadi. Paulo hapimi mwana kwa yatima. Anampima kwa mtumwa: "hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu; bali mlipokea roho ya kufanywa wana." Kanisa kuu la Mkunazini limesimama penye soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, aliutia saini, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kuzikwa humo mwaka 1882, ndiye aliyelitia Agano Jipya katika Kiunguja. Basi fikiria waliokuwa wakisomewa sura hiyo kwa mara ya kwanza kwa lugha yetu: watu walioteremshwa majahazini, wa Mbweni na Kiungani, vituo vya misheni kwa waliokombolewa. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alikombolewa akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, na mwaka 1890 akapewa upadre. Kwao roho ya utumwa haikuwa fumbo.

Nao walijua jambo ambalo mahubiri ya leo yanaliruka. Walijua kuwa kuachwa huru hakumfanyi mtu mwana. Aliyeandikiwa hati ya uhuru alibaki kuwa huru wa fulani. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hamrithi bwana wake kwa kuachwa huru. Kinyume chake, akifa bila warithi wa nasaba, bwana aliyemwacha huru ndiye mwenye haki ya kumrithi, haki inayoitwa walaa. Kwa hiyo Paulo angeweza kuishia kwenye uhuru, na watu wangeshukuru. Hakuishia hapo. "Wewe si mtumwa tena bali u mwana, na kama u mwana, basi, u mrithi," anawaambia Wagalatia. Karuka daraja nzima.

(Barua hiyo hiyo ya Wagalatia inaleta Hajiri na Sara, mjakazi na mke wa Ibrahimu, na kwamba mwana wa mjakazi hatarithi pamoja na mwana wa mwungwana. Hapo msomaji wa Unguja ana haki ya kusita. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wanne wa Seyyid Said walioketi hapa kama masultani mmoja baada ya mwingine, wote mama zao walikuwa masuria, yaani wajakazi waliozaa na bwana wao, na wote walirithi. Kwetu mtoto wa suria alikuwa mwana kamili, maadamu baba kamkubali. Mhubiri anayesoma mistari hiyo bila kulieleza hilo anawaacha watu wakijiuliza Paulo alikuwa akiongelea nchi gani.)

Kuna na lile tunaloambiwa barazani na majirani Waislamu: "Nyinyi mnasema Mungu kazaa." Hili halitoki kwa mhubiri, ila mhubiri wa dadi analitia kuni. Kufanywa wana maana yake ni kwamba hatukuzaliwa na Mungu kwa asili yetu. Ingekuwa tumezaliwa hivyo, kusingekuwa na haja ya kufanywa. Mwana kwa asili Wakristo wanamtaja mmoja tu, na hata huyo, kumwita Mwana kwao hakuna maana ya mke wala mimba ya kimwili kwa upande wa Mungu. Yesu mwenyewe aliuweka mpaka huo baada ya kufufuka, katika Yohana 20:17: "Ninapaa kwenda kwa Baba yangu naye ni Baba yenu." Hakujichanganya nasi akasema Baba yetu. Alipotufundisha kusema "Baba yetu uliye mbinguni" alikuwa akitupa sisi maneno ya kuomba. Jirani hatakubali, na hakuna anayemlazimisha, lakini angalau akatae kile tunachokisema.

Na "wana" si wanaume peke yao, kwa wale dada wa kwaya wanaouliza. Kigiriki cha Paulo kilitumia neno la mtoto wa kiume kwa kuwa ndiye sheria ilimlenga, halafu yeye mwenyewe akawaandikia Wagalatia, wanawake na wanaume, "hapana mtu mume wala mtu mke." Kiswahili kimemsaidia, maana mwana habagui, na kwa pwani hii Mwana ni jina la heshima la mama wa watu.

Limebaki moja, la vijana wetu wenye fulana za "Mtoto wa Mfalme", wanaosema mtoto wa Mfalme hapandi daladala na hakai nyumba ya kupanga. Hawa angalau wamesikia kwamba kuna urithi, wamewazidi wa dadi. Sikwambii uivue fulana, mdogo wangu. Nakuomba tu, ukinukuu Warumi 8:17, usikate kwenye "warithio pamoja na Kristo", maana hapo hapana nukta, sentensi inaendelea, "naam, tukiteswa pamoja naye ili tutukuzwe pamoja naye." Kisha teremka mpaka wa 23. Huko Paulo, aliyekwisha kusema tumepokea roho ya kufanywa wana, anasema bado tunaugua, "tukikutazamia kufanywa wana, yaani, ukombozi wa mwili wetu." Hati imeshaandikwa, mali haijagawiwa. Daladala panda tu.