Vipele Baada ya Dawa: "Musawo, Si Ni Ugonjwa Unatoka?"

Ukikaa kama musawo, yaani mhudumu wa afya, kwenye meza ya wagonjwa wa nje hapa Busia, upande wa Uganda, saa nne haifiki kabla hujaisikia: "Musawo, vipele vilianza Jumatatu, tukasema acha kwanza ugonjwa utoke." Na siku yenyewe ni Ijumaa. Maswali yaliyo hapa chini naulizwa kila wiki na wazazi wa watoto wadogo. Majibu ni yale yale ninayowapa nikiwa bado sijachoka.

Mzio wa dawa ni kitu gani?

Ndiyo ile mnayoiita aleji. Kinga ya mwili inaidhania dawa kuwa adui na kuishambulia, na mara nyingi ngozi ndiyo inayoonyesha. Kwa kawaida kinga huhitaji kwanza kukutana na dawa ndipo iichukie, kwa hiyo mtoto anaweza kuinywa mara ya kwanza salama, akavimba mara ya pili. "Lakini mwaka jana aliinywa hakupata kitu" si hoja. Kuharisha kidogo baada ya antibiotiki si mzio. Hayo ni maudhi ya dawa tu.

Ni dawa zipi zaidi?

Ninazokutana nazo mimi ni familia mbili. Ya kwanza ni penisilini: amoksilini (ile ambayo VHT, mhudumu wa afya wa kijijini, humpa mtoto mwenye nimonia, na ile ya unga mnayochanganya na maji nyumbani), ampisilini, Ampiclox, Augmentin na sindano ya PPF (nayo ni penisilini). Ya pili ni salfa, yaani Septrin. Familia hizi hazina undugu. Mtoto aliyedhuriwa na Septrin anaweza kutumia amoksilini vizuri, ndiyo maana jina la dawa ni muhimu. Nitalirudia.

Si ni ugonjwa unatoka nje kupitia ngozi?

Hapana.

Nadhani imani hii ilitoka kwenye surua. Wazee wetu waliona homa inapanda, vipele vinatoka mwili mzima, kisha baada ya siku chache homa inashuka, wakasema vipele vimeutoa ugonjwa. Hata surua yenyewe haifanyi kazi hivyo, na watoto wameifia wakiwa wamejaa vipele. Sasa tumeichukua imani hiyo tukaibandika kwenye dawa: mtoto akitoka vipele siku ya pili ya Septrin, bibi anafurahi kwamba dawa "imeshika", na anaongezewa kijiko kingine.

Dawa haisukumi ugonjwa nje. Vipele vikitoka mtoto akiwa kwenye antibiotiki, kuna mambo mawili ya kufikiriwa: ama ni ugonjwa wenyewe, hasa virusi, ambao mara nyingi huleta vipele bila dawa yoyote, ama ni mwili unaikataa dawa. Kuyatenganisha ni kazi yetu, lakini hatuwezi kumpima mtoto aliye nyumbani.

Kuna mtoto wa miaka miwili aliletwa kwetu siku ya tano tangu vipele vianze. Alikuwa amepewa Septrin kwa mafua, ugonjwa ambao antibiotiki haiutibu hata kidogo. Midomo ilikuwa imeshikana kwa damu iliyokauka, macho hayafunguki, ngozi ya mgongo inabanduka ukimshika. Siku zote tano familia ilimwogesha kyogero, maji ya mitishamba, na kuendelea na Septrin, ugonjwa utoke vizuri. Tulimpeleka hospitali ya rufaa. Alipona, lakini macho yake mpaka leo yana makovu. Siku ya kwanza alikuwa na vidonda viwili tu mdomoni. Viwili. Angeletwa siku hiyo, Septrin ingesimama siku hiyo.

Kwa hiyo nikisikia tena "acha utoke", mnisamehe sauti ikipanda.

Nitajuaje vya hatari na visivyo vya hatari?

Kwanza, sahau picha za vitabuni zenye ngozi nyekundu. Ngozi zetu haziwi nyekundu hivyo. Vipele vyaweza kuwa na rangi ya ngozi yenyewe, au vyeusi zaidi, au vya zambarau. Tembeza mkono wako mgongoni na tumboni uhisi mikwaruzo na uvimbe, kisha mtazame mahali penye mwanga wa jua, pamoja na viganja na nyayo.

Vipele vidogo vidogo vinavyoanza kifuani au tumboni siku ya tano hadi ya kumi ya amoksilini, mtoto anacheza, ananyonya, hana shida nyingine, mara nyingi huisha vyenyewe kwa wiki moja hivi. Bado njoo siku hiyo hiyo avione mtu anayejua.

Mabaka yaliyovimba, yanayowasha kama mtoto ameguswa na upupu, yanayohama (asubuhi mgongoni, mchana mapajani), hayo yananipa wasiwasi zaidi, hasa yakitoka ndani ya saa moja au mbili baada ya dawa. Hapo mtazame midomo, ulimi na pumzi. Midomo ikivimba, sauti ikikauka, kifua kikipiga filimbi, akitapika mfululizo au akilegea ghafla, huna dakika za kumpigia shangazi kuuliza. Toka.

Na aina ya tatu ndiyo ile ya yule mtoto wa Septrin aliyebaki na makovu machoni. Huanza kwa homa na macho mekundu, kisha vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi inauma (inauma, si kuwasha tu), malengelenge, ngozi inabanduka. Hii inaweza kuanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kuanza dawa, wakati dozi imeshaisha na hakuna anayeikumbuka. Septrin inajulikana sana kwa hili.

Kila siku mtoto akiwa na vipele, fungua mdomo wake utazame. Vipele pamoja na vidonda mdomoni ni kuja leo. Vipele pamoja na macho mekundu ni kuja leo, hata kama ni surua na si dawa, kwa sababu surua nayo inataka kuonwa, hasa kama mtoto alikosa chanjo ya miezi 9 au ya miezi 18.

Lakini ninyi wenyewe mnatuambia tumalize dozi!

Swali zuri, na lawama ni yetu. Tumeliimba "maliza dozi" miaka mingi mpaka watu wanalishika kama amri ya dini. Maana yake ni hii: usiache dawa kwa sababu mtoto amepata nafuu. Hatukumaanisha uendelee kumpa dawa inayombabua.

Vipele vikitoka, dozi inayofuata isubiri mpaka aonwe, na aonwe siku hiyo hiyo. Nasisitiza sehemu ya pili kwa sababu kuna wanaosimamisha dawa wakabaki nyumbani. Mtoto mwenye nimonia aliyeachishwa amoksilini bila kupewa nyingine bado ana nimonia. Na wale watoto wanaotumia Septrin kila siku tangu wiki ya 6 kwa sababu mama ana VVU, msiiache kimyakimya na kukwepa kliniki. Njooni siku hiyo, tutapanga jambo lingine.

Nimpe Piriton kwanza nione?

"Nione" nini? Piriton hupunguza kuwasha. Haifungui koo lililovimba, na haizuii ngozi kubanduka. Tena humlaza mtoto, ukashindwa kujua kama amesinzia kwa dawa au amelegea kwa hatari. Mwenye shida ya pumzi anahitaji adrenalini, sindano ya pajani, kwenye kituo cha afya.

Kyogero, mumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) na majani yaliyopondwa visiguse ngozi yenye malengelenge, vinaingiza vijidudu. Na zile krimu za sokoni za "kutibu kila kitu", nawaombeni, ziacheni huko huko sokoni.

Nikija nilete nini?

Dawa yenyewe. Chupa, boksi, hata karatasi ya tembe iliyobaki. Nusu ya wazazi wananiambia "zilikuwa nyeupe" au "ya maji, ya pinki". Mama, zote ni nyeupe! Anayewauzia dawa kwenye bahasha isiyo na jina anawakosea, na mna haki ya kumwambia aandike: jina, siku, vijiko vingapi. Kataa kuondoka kabla hajaandika.

Mkiwa na simu, pigeni picha vipele siku vilipoanza, maana vya aina ya kuhama hupotea mkiwa njiani. Lete pia kile kitabu cha mtoto cha matibabu. Tukithibitisha mzio, tutaandika ukurasa wa mbele jina la dawa, tarehe, na kilichotokea. Kitabu kikijaa, nakili maneno hayo kwenye kipya. Huo ukurasa ndio unaosahaulika kila mara.

Alitoka vipele na amoksilini akiwa mchanga. Asiiguse maisha yake yote?

Pengine siyo. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wengi, zaidi ya 9 kati ya 10 wa wale walioandikwa kuwa na mzio wa penisilini, wakipimwa vizuri hukutwa hawana. Vilikuwa vipele vya virusi. Lakini kupima huko hufanywa na daktari hospitalini, si kwa kujaribu kijiko kimoja jikoni. Na kama kulikuwa na uvimbe wa midomo, shida ya pumzi au ngozi kubanduka, hakuna wa kujaribu.

Mimi nina mzio wa Septrin. Mtoto wangu je?

Haina maana naye atakuwa nao. Tuambie tu kabla hatujaandika dawa.

Sindano ya dukani?

Muulize mwenye duka swali moja kabla hajavuta dawa kwenye bomba: "Una adrenalini?" Akicheka au akikwepa, mchukue mtoto wako uende. Na popote alipochomwa, kaeni hapo nusu saa. Benchi ni gumu, najua.

Ikitokea usiku?

Midomo imevimba au pumzi inamsumbua, usingoje jogoo. Usimpe cha kunywa, usimtembeze. Mlaze mapajani mwako kwenye boda, au kama kuhema kunamtesa mwache akae wima kifuani pako. Mkifika getini msiseme "mtoto anaumwa", wengi husema hivyo wakaambiwa wakae. Semeni: "Amekunywa dawa, midomo imevimba." Kwa maneno hayo hamtapangwa foleni.