Sindano za kitovuni za kichaa cha mbwa zilishaisha zamani

Juzi hapa Nkuhungu mtoto wa jirani kang'atwa na mbwa mguuni, mama yake akagoma kumpeleka hospitali eti atadungwa sindano 14 kuzunguka kitovu. Hii stori nimeisikia tangu niko mdogo Kongwa na haikutoka hewani jamani, zamani chanjo ilitengenezwa kwa ubongo wa wanyama kama kondoo, ilikuwa dhaifu ndo maana walidunga nyingi na kweli ilikuwa tumboni. Sasa hivi hamna hiyo kitu, chanjo inachomwa begani, dozi ni tatu au nne tu kutegemea na utaratibu, ya kwanza siku hiyohiyo halafu siku ya 3 na ya 7. Ya kawaida kabisa, kama pepopunda vile.

Kabla hujatoka nyumbani osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa uangalie kabisa maana watu wanaosha dakika moja wanasema tayari. Pilipili na mafuta ya taa achana navyo.

Halafu usidanganyike kwamba kidonda kimepona, kirusi kinatembea taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi miezi miwili mitatu, na dalili zikishaanza karibu kila mtu anakufa. Huyo mama nilivyomwelezea kaniuliza tu, "begani kweli?" Akabeba mtoto wakapanda bajaji.