Je, wajua kwa nini wagonjwa 6 jirani na kiwanda hawatoshi kukitia hatiani?

Kijiji kilicho jirani na bomba la moshi kina wagonjwa 6 wa saratani ya damu. Kwa idadi ya wakazi, umri na jinsia zao, walitarajiwa 2. Mara tatu! Wengi huona kesi imekwisha. Haijaanza.

Tazama mvua inapoanza kudondoka kwenye sakafu ya vigae. Kigae hiki kina matone manne, kile hakina hata moja, wala hakuna aliyeyaelekeza. Ugonjwa adimu hutawanyika vivyo hivyo. Kwa mgawanyo wa Poisson, kanuni ya kukokotoa matukio adimu yanayotokea kwa nasibu, kijiji kinachotarajiwa wagonjwa 2 kina uwezekano wa takriban 1.7% wa kupata 6 au zaidi kwa nasibu tupu. Katika vijiji 1,000 vya namna hiyo, 17 hivi vitafika huko bila moshi wowote, na habari zitakazovuma ni za hivyo 17.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa kuwa linafanana na utafiti: kutazama ramani ya wagonjwa, kisha kuchora duara linalowakumba. Huko ni kusimika milingoti ya goli baada ya mpira kutua. Kilomita 2 zikigoma, jaribu 3.

Mwaka 1988 mtafiti wa takwimu, Stone, alipendekeza dawa ya kosa hili. Chanzo hutajwa kabla ya kuhesabu, kisha wagonjwa hujumlishwa kutoka katikati kwenda nje. Tuseme ndani ya kilomita 1 wamepatikana 4 dhidi ya 2 waliotarajiwa. Hadi kilomita 2, 7 dhidi ya 5. Hadi kilomita 3, 13 dhidi ya 9. Uwiano ni 2, 1.4 na 1.44, chukua ule mkubwa, 2. Sasa kompyuta itunge wagonjwa wa nasibu mara 999 kwa matarajio yale yale, na kila mara nayo ichukue uwiano wake mkubwa. Uwiano huo ukifika 2 au zaidi mara 154, ongeza hesabu halisi moja: thamani ya p, yaani uwezekano wa nasibu tupu kutoa uwiano mkubwa kiasi hicho, ni 155/1,000, au 0.155. Utamu uko hapo: nasibu nayo imeruhusiwa kuchagua duara linaloipendeza.

Hata hivyo umbali si kipimo cha sumu. Upepo una upande wake, watu huhama kabla saratani haijajitokeza, na mara nyingi walio jirani na viwanda ni maskini, wenye sababu nyingine za kuugua.

Katika kijiji cha Seascale, Uingereza, jirani na mitambo ya nyuklia ya Sellafield, kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Douglas Black ilithibitisha mwaka 1984 kwamba saratani ya damu kwa vijana ilizidi kweli. Ila mionzi iliyokadiriwa kuwafikia ilikuwa ndogo mno kueleza ziada hiyo.