Udaktari wa familia: registra wanataka kisu, walimu tunataka kiti

Registra wapya, yaani madaktari wanaosomea ubingwa huu, wakija, swali lao la kwanza huwa lilelile, la chumba cha upasuaji: “Daktari, thieta tutaingia lini?” Siwalaumu. Daktari wa familia hapa Kenya akishahitimu anaweza kujikuta katika hospitali ya mashinani ambako bingwa mwingine hayupo. Mama akikwama katika uchungu wa uzazi saa nane za usiku, ni yeye atakayeshika kisu.

Mafunzo haya yalianza nchini mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Baadaye vyuo vingine, kikiwemo Kabarak, vikafuata. Ni miaka minne ya uzamili, juu ya ile sita ya udaktari na mmoja wa intanishipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Muda mwingi registra huzunguka idarani: watoto, uzazi, upasuaji, magonjwa ya ndani, akili.

Malalamiko huanzia hapo. Bosi wa wodi ya upasuaji ana registra wake wa kulea. Wewe wa familia, mpita njia, unaachiwa kuandika faili, kutoa damu na kufuatilia majibu ya maabara. Nikiwauliza mabingwa wenzangu hunijibu, “Huyu kesho kutwa hayupo, nimfundishe nini?” Mfundishe atakachokutana nacho akiwa peke yake! Upasuaji wa kumzalisha mama, ndiyo. Kutoa kibofu cha nyongo, aachiwe mwenye kazi yake.

Ila na sisi walimu tuna letu. Registra wengi huiona kliniki kama mahali pa kupumzikia baada ya thieta. (Nyumbani nako wanaulizwa, “Kwani umesomea ubingwa wa nini hasa?” Inawauma.) Kumbe kazi yenyewe iko pale kwenye kiti cha kliniki, mbele ya mgonjwa.

Nilikaa kando ya registra mmoja, mwepesi na mwenye akili. Akaingia mama wa makamo, presha 180 kwa 110. Registra akatazama faili, akaona dawa mbili, akaanza kuandika ya tatu. Nikaomba nimuulize mgonjwa jambo.

“Mama, zile za mwezi jana ziliisha lini?”

Akacheka kidogo. “Daktari, namgawia mzee. Naye ana presha, lakini hospitali hataki kuja.”

Dawa ya tatu ingegawanywa vilevile. Mgonjwa wa pili alikuwa nyumbani, hana hata faili. Mambo kama hayo hayaonekani ukimwona mtu mara moja, na mtihani wa kuchagua jibu hauyapimi.

Kwa hiyo sasa kila registra wetu ana wagonjwa wake wa kudumu, nusu siku kila wiki, hata akiwa zamu ya upasuaji, na mwalimu hukaa naye chumbani. Wapo wanaonung’unika kwamba tunawatoa thieta. Wakuu wa wodi ndio wakali zaidi, maana kila Alhamisi asubuhi wanapungukiwa na mtu wa kuandika faili. Bado tunavutana nao.