Saikosisi na muda: kwa nini saa ya ndani ya ubongo inayumba

Kwanza kabisa, saikosisi ni nini?

Ni hali ambayo mtu anashindwa kutenganisha kilichopo na kisichopo. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini jambo kwa nguvu zote, labda kwamba anafuatiliwa, na hata umuonyeshe ushahidi gani habadiliki. Inatokea kwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao saikosisi ndo dalili yake kubwa, kwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au sonona ikiwa kali, na wengine inawapata kwa sababu ya bangi na madawa mengine. Skizofrenia peke yake, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), iko kwa mtu 1 kati ya 300 hivi duniani, watu kama milioni 24, kwa hiyo jamani huu si ugonjwa wa watu wachache wa ajabu.

Kaka yangu ana skizofrenia. Akisema "nakuja sasa hivi" inapita saa nzima. Ni makusudi?

Mara nyingi wala si makusudi, na hili naomba familia zilisikie vizuri maana ugomvi mwingi nyumbani unaanzia hapa. Muda hauna kiungo chake mwilini kama rangi zilivyo na jicho, ubongo unautengeneza wenyewe kwa kushirikisha sehemu nyingi kwa pamoja: sehemu za ndani kabisa zinazosaidia kuendesha mwili, ubongo mdogo ulioko kisogoni, na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso, na hizo hizo ndo zinazoonekana kufanya kazi tofauti kwa watu wengi wenye skizofrenia. Sasa huyo kaka anakadiriaje dakika tano?

Kwa hiyo saa yake inakimbia au inachelewa?

Watu wanapenda jibu liwe moja kati ya hayo mawili, ila kinachojitokeza zaidi ni kuyumba. Ukimwambia mtu abonyeze kitufe pale anapohisi sekunde kadhaa zimepita, afu urudie mara nyingi, majibu ya mwenye skizofrenia yanatawanyika kuliko ya wengine, mara kawahi sana mara kachelewa sana. Hata kwenye vipande vidogo vya sekunde shida ya muda ipo. Ukiwasha taa mbili kwa kupishana kidogo sana, yeye anahitaji pengo kubwa zaidi ndo aseme hazikuwaka pamoja. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini fikiria maongezi ya kawaida, midomo inacheza, sauti inatoka, watu wanapokezana maneno haraka haraka, yote hayo yanategemea ubongo kupanga nini kimetangulia na nini kimefuata.

Na kuna upande wa muda mrefu pia. Daktari wa akili Eugène Minkowski, aliyefanya kazi Ufaransa, alieleza miaka ya 1920 kuhusu mgonjwa aliyewahi kuishi naye nyumba moja, kila siku yule mtu aliamini siku hiyo hiyo atauawa, siku ikiisha salama haikumfundisha chochote, kesho yake anaanza upya na hofu ile ile. Kesho kwake ilikuwa haipo. Mimi naona maelezo yale bado yanasaidia kuelewa kwa nini kumwambia mtu "mbona jana hakikutokea kitu" hakumtulizi.

Ndani ya ubongo vipimo vinaonyesha nini?

Kuna EEG, zile waya zinazobandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo. Mtu anasikilizishwa mlio mmoja unaojirudia, ghafla unaingia mlio mrefu au mfupi kidogo kuliko mingine. Ubongo unashtuka wenyewe ndani ya robo ya sekunde, hata kama mtu yuko bize na kitu kingine. Kwenye skizofrenia ule mshtuko unakuwa mdogo, na hili limejulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vilevile ukimpigia milio 40 kwa sekunde, ubongo wake unaifuata kwa udhaifu zaidi, yaani seli hazipigi pamoja vizuri.

Afu kuna dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo zinatumia kupelekeana ujumbe. Wakati wa saikosisi inatolewa kwa wingi kwenye zile sehemu za ndani nilizotaja. Kwa wanyama wa maabara, dawa za kuipandisha zinafanya saa ya ndani ikimbie na haloperidol, dawa ya saikosisi inayoizuia dopamini, inaipunguza saa hiyo mwendo.

Hii ina uhusiano na zile sauti?

Inawezekana kabisa. Unapoongea, ubongo unaitaarifu mapema sehemu ya kusikia kwamba sauti inayokuja ni yako, kwa hiyo haishtuki sana. Kwa wenye skizofrenia kule kutulia kunakuwa kudogo. Taarifa ikichelewa kidogo tu, maneno ya mtu mwenyewe yanaweza kuingia kama yametoka kwa mtu mwingine. Haielezi kila kitu kuhusu sauti, ila mi naiona ina uzito.

Naweza kwenda kupimwa EEG nijue kama nina skizofrenia?

Hapana. Tofauti hizo zinaonekana ukilinganisha kundi na kundi, kwa mtu mmoja mmoja haziamui kitu. Ugonjwa unatambuliwa kwa daktari kuongea na mtu na watu wake wa karibu.

Dawa zinarekebisha hali hii ya muda?

Dawa zinasaidia zaidi kwenye sauti na zile imani, kwenye umakini na kupangilia mambo zinasaidia kidogo. Kwa hiyo msaidie kwa vitu vya nje: alamu ya simu, saa kubwa inayoonekana, ratiba iliyoandikwa, mwambie jambo moja kisha subiri ajibu bila kumkatisha. Na asiache dawa ghafla hata akijiona amepona, aongee na daktari wake kwanza.

Nimwahishe hospitali lini?

Kama dalili ndo zinaanza, usisubiri ziishe zenyewe, matibabu yakianza mapema matokeo yanakuwa mazuri zaidi. Ila kama sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, au halali kabisa na amekataa kula na kunywa, mpeleke hospitali leo, na usimwache peke yake hata mkiwa njiani.