Bwana wa kofia nyeupe: tunachodhani kuhusu meneja mradi na anachofanya kweli saiti

Simama mbele ya ghorofa lolote linalojengwa Kariakoo au Mbezi usome lile bango lililopigiliwa kwenye uzio wa mabati. Mteja yupo, mbunifu majengo yupo, mhandisi wa miundo yupo, mkadiriaji majenzi yupo, mkandarasi yupo na namba yake ya usajili. Meneja mradi mara nyingi hayupo. Kwa hiyo mtu akiulizwa huyu bwana anafanya nini, anajibu kwa alichokiona kwa macho: anakuja na gari, anavaa kofia nyeupe, anapiga picha mbili tatu, anaongea na simu, anaondoka.

Nimekaa saiti za Dar es Salaam miaka ya kutosha, kwanza nikihesabu nondo kwa niaba ya mkadiriaji, baadaye nikiwa mimi mwenyewe ndiye wa picha na simu. Haya ndiyo niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine, na majibu ambayo huwa napenda kuyatoa lakini pale saiti hapana muda.

"Ni foromani aliyepandishwa cheo"

Foromani anajua kitu ambacho mameneja wengi hatukijui: nani kati ya vibarua amelewa jana, fundi gani anafunga nondo kwa macho badala ya kwa futi, mchanga upi una udongo. Yeye anashughulika na leo. Kazi ya meneja iko wiki sita mbele.

Chukua siku ya kumwaga zege la slabu, ile sakafu ya ghorofa. Kwa mpita njia ni siku ya kelele: mashine inazunguka, ndoo zinapita mkono kwa mkono, wali na maharage kwenye sufuria kubwa. Kumbe siku hiyo iliamuliwa zamani. Mhandisi alipaswa kukagua nondo jana yake na kusaini. Fundi umeme alipaswa kulaza mabomba ya kupitishia waya juu ya boksi la mbao litakalobeba zege, kabla zege halijafika, na fundi bomba aache matundu ya maji machafu. Mirunda, zile nguzo za kushikilia boksi, ihesabiwe. Maji ya kumwagilia yawepo kwa siku saba zijazo, si kwa siku hiyo tu, maana zege likikauka haraka kwa jua la Februari linapasuka na kubaki dhaifu. Kwa siku saba hizo zege huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu inayotarajiwa. Kipimo kamili huchukuliwa siku ya 28. Mtu anayeng'oa mirunda siku ya tano kwa sababu anaitaka kwenye saiti nyingine anacheza na roho za watu.

Niliwahi kuwa kwenye jengo la ghorofa tatu ambapo kila mmoja alifanya kazi yake vizuri isipokuwa mmoja ambaye hakuitwa. Fundi umeme. Foromani alidhani mkandarasi amempigia, mkandarasi alidhani mimi nimempigia, na mimi nilikuwa Bandarini nahangaikia vigae. Slabu ikamwagwa safi kabisa, imenyooka kama meza. Wiki tatu baadaye tukaanza kuitoboa kwa patasi na nyundo. Hakuna fundi hata mmoja aliyekosea. Nilikosea mimi, kwa simu moja ambayo sikuipiga.

Ndiyo maana simu.

"Ndugu yangu yupo, atanisimamia"

Hii ni dhana ya walio mbali: aliyeko Muscat, aliyeko Minnesota, hata aliyehamishiwa kikazi Kigoma huku kiwanja chake kiko Chanika. Hela inatumwa kwa shemeji au kaka mdogo, picha zinarudi kwa WhatsApp. Sitaki kuwasema mashemeji vibaya, wengi ni waaminifu kabisa. Tatizo halipo kwenye uaminifu. Mtu mwaminifu asiyejua hesabu ya zege anadanganywa mchana kweupe na anakuletea risiti halali.

Tuipige hesabu hiyo hapa. Slabu ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi ya saruji ya kilo 50. Kwa hiyo slabu nzima haifiki mifuko 80. Ongeza ya mihimili, ongeza ya kumwagika na ya kupasuka, bado fundi akisema anataka 150 unapaswa kumuuliza 70 zinakwenda wapi. Huenda ana jibu zuri. Huenda mihimili ni mikubwa kuliko ulivyodhani. Lakini lazima aulizwe kabla mifuko haijanunuliwa, na anayeuliza awe na namba mkononi. Kaka yako ana nini mkononi?

Cha kuchekesha ni kwamba kinyume chake nacho ni hatari, na hutokea zaidi. Saruji ikitumika pungufu na maji yakiongezwa ili zege lilainike na kumwagika kwa urahisi, mwenye nyumba anafurahi kwamba "fundi wangu hatumii vifaa vingi". Kila ndoo ya maji ya ziada inapunguza nguvu ya zege, na hilo halionekani kwenye picha ya WhatsApp.

Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu si lazima uajiri meneja wa kudumu. Kuna watu wanaolipwa kwa hatua: anakuja msingi unapokaguliwa, anakuja kwenye lenta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, anakuja siku ya zege, anakuja kabla ya kupaua. Shemeji anabaki kuwa jicho la kila siku na mtunza daftari: leo waliingia mafundi wanne na vibarua sita, mvua ilinyesha saa nane, lori moja la kokoto limepokelewa. Daftari hilo la shilingi elfu mbili ndilo linaloamua ugomvi mwishoni.

"Tuanze kwanza, ramani zitafuata"

Wanaosema hivi si maskini wala washamba. Serikali ya jimbo la New South Wales, Australia, ilifanya hivyohivyo. Ujenzi wa jumba la opera la Sydney ulianza Machi 1959 wakati wahandisi bado hawajajua yale maganda ya paa yatasimamaje. Wanasiasa walihofia wakichelewa kuanza mradi utakufa. Ilikadiriwa kuwa lingegharimu dola milioni 7 za Australia na kumalizika 1963. Lilifunguliwa Oktoba 1973 likiwa limekula milioni 102. Sehemu ya nguzo za jukwaa la chini zilibidi zijengwe upya kwa kuwa zilikuwa zimejengwa kabla uzito wa paa haujajulikana. Msanifu wake, Jørn Utzon, alijiondoa mwaka 1966 kwa ugomvi.

Leo jumba hilo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2007, na hapo ndipo hadithi inapokuwa ngumu kwa watu wa kazi yangu. Kwa kipimo chetu cha muda, gharama na ubora, ule ulikuwa mradi ulioanguka. Kwa kipimo cha mtu anayepita bandarini Sydney jioni, nani atathubutu kusema hivyo? Huwa nalikumbuka kila nikijiona nimeanza kuiabudu ratiba. Ila wewe unayejenga fremu nne za biashara Tegeta kwa mkopo wa benki, tafadhali usijitetee kwa Sydney.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya mteja kubadili mawazo katikati: "nyumba si yangu?" Ni yako, mzee. Ukihamisha jiko kwenye mchoro, unalipia karatasi. Ukilihamisha baada ya plasta, unalipia ukuta, bomba, umeme, vigae na wiki za mafundi waliokaa. Meneja hana mamlaka ya kukukatalia. Wajibu wake ni kukuletea bei ya hilo wazo kwa maandishi, na siku zitakazoongezeka, kabla nyundo haijagonga. Wateja wengi wakiona ile karatasi jiko linabaki lilipokuwa.

"Fosi akaunti haihitaji meneja"

Hapa kwetu Tanzania shule na zahanati nyingi zimejengwa kwa fosi akaunti: hela inaingia kwenye akaunti ya shule, hakuna mkandarasi, mafundi wa hapohapo kijijini wanapewa kazi ya ufundi na kamati zinanunua vifaa. Kilele chake kilikuwa mwishoni mwa 2021, kwa zile Sh1.3 trilioni za mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19. Madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa kwa miezi michache, darasa moja Sh20 milioni, ili wanafunzi waingie Januari.

Watu waliona mkandarasi hayupo wakasema hakuna anayeendesha mradi. Alikuwepo. Alikuwa mwalimu mkuu. Asubuhi anafundisha hesabu, saa nne anapokea lori la mchanga, mchana anakaa na kamati ya manunuzi kulinganisha bei za maduka matatu, jioni anaandika taarifa ya kwenda halmashauri. Kamati ya mapokezi inahesabu nondo bila kuambiwa namna ya kutofautisha milimita 12 na 10. Mhandisi wa halmashauri ana saiti nyingi na gari moja, akifika ni nusu saa.

Mimi naona walimu wale walifanya kazi kubwa kuliko walivyosifiwa, na pale palipoharibika lawama ziliwaangukia wao kwa kazi ambayo hakuna aliyewaambia kwamba ni taaluma inayosomewa. Kuondoa mkandarasi kunaondoa faida ya mkandarasi, kweli, na ndiyo maana Sh20 milioni ziliweza kutosha. Ratiba, manunuzi, ukaguzi na hesabu zinabaki palepale, zinamsubiri mtu. Usipomtaja mtu huyo, zinamwangukia aliye karibu.

"Kuchelewa ni uzembe wa mkandarasi"

Wakati mwingine. Mara nyingi ninapofungua mafaili nakuta hati ya malipo iliyosainiwa na kukaa mezani kwa mteja miezi mitatu. Mkandarasi mdogo hana akiba ya kulisha vibarua miezi mitatu, anahamia saiti inayolipa. Wewe unaona geti limefungwa, unasema mvivu. Meneja anayejua kazi yake anamkumbusha mteja tarehe ya malipo kwa ukali uleule anaomkumbusha mkandarasi tarehe ya kazi. Ni sehemu ya kazi inayokupotezea marafiki.

Kisha kuna mvua, ambayo haisaini mkataba. Msingi uliopangwa kuchimbwa Aprili Dar es Salaam ni bwawa la samaki. Hata miradi mikubwa ya taifa inaitii mvua: kule Rufiji, ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 haukuweza kuinuka mpaka mto uchepushwe kwanza kupitia handaki, na handaki hilo lilifungwa ili maji yaanze kujaa tarehe 22 Desemba 2022, kabla ya masika. Kazi ya namna hiyo ukikosa msimu wake, huongezi wiki mbili. Unaongeza mwaka.

"Usalama ni mambo ya OSHA"

Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, anapita. Anayelala na tatizo ni aliyeko saiti. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo Kariakoo. Sitaki kuyatumia maafa hayo kujipigia debe. Nasema tu kwamba neno "simamisha kazi" lazima liwe na mwenyewe kwenye kila saiti, na ajulikane kabla ya siku linapohitajika. Kibarua hawezi kulisema, atafukuzwa. Foromani ana watoto wa kulisha kwa posho ya mkandarasi. Mteja anataka kupangisha mwezi ujao. Ukikaa kwenye kikao cha kwanza cha mradi, uliza: nani hapa anaweza kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa? Wakitazamana, ondoka na hela zako.

"Utepe umekatwa, kazi imeisha"

Siku ya kukabidhi kuna picha, soda na hotuba. Kwenye mkataba ndiyo kwanza saa nyingine inaanza: kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12, ambapo mkandarasi anarudi kurekebisha kasoro na sehemu ya fedha zake imezuiwa mpaka arudi. Mteja asiyejua hilo anamlipa fundi mwingine kuziba paa linalovuja, ilhali mkandarasi wa kuliziba bure yupo na hela zake zimeshikwa.

Meneja anarudi na orodha: mlango unaokwaruza, vigae vinavyolia vikigongwa, bafu ambalo maji yake yanakimbilia sebuleni. Anadai michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, ambayo hailingani na ile ya mwanzo hata siku moja, na funguo zote zenye vibandiko. Miaka mitano baadaye, saa tano usiku, bomba litapasuka ghorofa ya pili. Mlinzi atampigia fundi, na fundi atauliza valvu iko wapi. Mtu atafungua kabati, atoe karatasi iliyokunjwa mara nne, aweke tochi ya simu juu yake.